Kanuni ya Vipeuo Iliyotumika Miaka Elfu Bila Uthibitisho

Mwanafunzi wa sekondari akipewa √8 + √18 kwa mara ya kwanza, ni rahisi sana aandike √26. Kosa lake linaeleweka. Juzi tu amefundishwa kwamba √8 × √18 ni √144, yaani 12, kwa hiyo haoni kwa nini kujumlisha kusifuate njia ileile. Mwalimu humwekea alama ya kosa na kumwonyesha jibu: √50. Mfano huohuo, wa 8 na 18 kuzaa 50, umo katika kazi za al-Karaji, mwanahisabati aliyeishi Baghdad karibu na mwaka 1000. Pamoja nao aliweka mwingine wa vipeuo vya tatu: ukitoa ∛2 kwenye ∛54, unabaki na ∛16. Zoezi linalodhaniwa limebuniwa na mtungaji wa kitabu cha kiada lina umri wa miaka elfu moja.

Historia ya vipeuo ina kioja chake. Watu walivijumlisha, wakavitoa, wakavizidisha na kuvigawanya kwa karne nyingi, wakapata majibu sahihi, kabla hajatokea mtu wa kueleza kipeuo cha 2 ni kitu gani hasa. Kanuni zilitangulia, maelezo yakaja baadaye sana.

Kumbukumbu moja ya kale kabisa ni kibao kidogo cha udongo kutoka Babeli, nchi ya Iraki ya leo. Kiliandikwa kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo, na sasa kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani kwa namba YBC 7289. Juu yake umechorwa mraba na mistari yake miwili ya ulalo. Ubavuni mwa mraba imeandikwa 30. Kwenye ulalo kuna namba mbili katika hesabu ya sitini-sitini, ile ambayo bado tunaitumia tunapogawa saa kuwa dakika 60 na dakika kuwa sekunde 60. Namba ya kwanza ni 1, 24, 51, 10. Ukiigeuza kuwa desimali unapata takriban 1.414213, na tofauti yake na kipeuo halisi cha 2 haifiki moja ya milioni. Namba ya pili ni zao la hiyo ya kwanza na 30, yaani urefu wa ulalo wenyewe.

Mwandishi wa kibao hicho alijua kuzidisha kipeuo kwa namba ya kawaida. Kama alijiuliza iwapo namba zile nne zinamaliza kazi au zina mkia usiokwisha, kibao hakisemi.

Swali hilo lilikuja kuwasumbua Wagiriki. Waliligundua jambo ambalo kwao lilikuwa zito: hakuna sehemu yoyote, hata ungeitafuta wapi, ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa 2 kamili. Hoja waliyoitumia aliitaja Aristotle. Chukua sehemu iliyokwisha kurahisishwa, udai kwamba ndiyo kipeuo cha 2, kisha fuata matokeo ya dai lako hatua kwa hatua. Utajikuta na namba moja ambayo ni shufwa na papo hapo ni witiri. Plato naye anamtaja Theodorus wa Cyrene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, aliyethibitisha jambo kama hilo kwa vipeuo vya 3, vya 5 na kuendelea, kimoja baada ya kingine, hadi akafika 17 na kuishia hapo.

Wagiriki waliamua kuyakwepa matatizo ya namba kwa kuhamia kwenye michoro. Kwao √2 haikuwa namba bali mstari: ulalo wa mraba wenye upande wa 1. Karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid aliutenga mlango mzima wa kumi wa kitabu chake kwa mistari ya namna hiyo. Mlango huo una hoja 115 na ndio mrefu kuliko yote 13. Humo mistari imepangwa kwa makundi na majina, lakini msomaji anayetafuta √2 × √3 kama hesabu ya kawaida haioni. Mstari ukizidishwa kwa mstari, Mgiriki hupata mstatili.

Heron wa Alexandria, nchini Misri, alikuwa mtu wa vitendo zaidi. Alipotaka kipeuo cha 720, alianza na 27 kwa sababu 27 kwa 27 ni 729, ambayo iko jirani. Akagawanya 720 kwa 27, akapata 26 na theluthi mbili. Kisha akachukua wastani wa namba hizo mbili: 26 na tano kwa sita. Ukizidisha jibu hilo kwa lenyewe unapata 720 na moja kwa thelathini na sita tu. Heron alieleza kwamba anayetaka usahihi zaidi arudie hatua zilezile akianza na jibu jipya.

Mashariki zaidi, wanahisabati wa India hawakujali sana kama kipeuo ni mstari au ni namba. Walikipokea kama kitu cha kufanyiwa hesabu na kukitungia kanuni. Brahmagupta aliandika kanuni hizo mwaka 628. Bhaskara, mwaka 1150, aliziweka katika mfumo wa maswali kwa mwanafunzi: jumlisha na utoe vipeuo vya 2 na 8, vya 3 na 27, kisha vya 3 na 7. Jozi ya kwanza inatoa jumla ya √18 na tofauti ya √2. Ya pili inatoa √48 na √12. Ya tatu ndiyo mtego: √3 na √7 havichanganyiki, na jibu ni kuviacha vilivyo, kimoja kando ya kingine. Bhaskara alifundisha pia namna ya kugawanya pale ambapo kigawanyo kina vipeuo viwili. Chukua kigawanyo hicho, geuza alama ya kipeuo kimojawapo kutoka jumlisha kuwa toa, kisha zidisha juu na chini kwa ulichokipata. Hiyo ndiyo njia inayofundishwa hadi leo.

Lakini kitabu kilichozisambaza hesabu hizi mbali kuliko vingine kiliandikwa Baghdad, wakati wa khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Mwandishi ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Alisema amekikusudia kwa ajili ya mambo ambayo watu huyahitaji kila siku: mirathi na wasia, mgawanyo wa mali, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Sehemu kubwa ya mwisho inahusu mirathi peke yake. Hakuna alama ya aina yoyote ndani yake, hata namba zimeandikwa kwa maneno.

Kanuni za kuzidisha na kugawanya al-Khwarizmi anazimaliza haraka. Ukitaka kuzidisha kipeuo cha 9 kwa kipeuo cha 4, zidisha 9 kwa 4 upate 36, kisha chukua kipeuo chake, 6. Ukitaka kugawanya, gawanya 9 kwa 4 upate mbili na robo, na kipeuo chake ni moja na nusu. Anaongeza kwamba njia ni hiyo hiyo hata kama vipeuo vyenyewe haviishi.

Kwenye kujumlisha na kutoa anasimama zaidi, na mfano wake ni mzuri mno. Chukua kipeuo cha 200 ukipunguze 10. Chukua 20 uipunguze kipeuo cha 200. Jumlisha viwili hivyo: jibu ni 10 kamili. Vipeuo vimekutana, kimoja kikijumlishwa na kingine kikitolewa, vikafutana. Lakini ukitoa cha kwanza kutoka cha pili, unabaki na 30 kasoro vipeuo viwili vya 200, na vipeuo viwili vya 200 ni sawa na kipeuo kimoja cha 800. Mwalimu wa leo angeandika 2√200 = √800 na kueleza kwamba 2 inapoingia ndani ya alama ya kipeuo huingia ikiwa 4. Al-Khwarizmi aliyasema yote hayo kwa sentensi, kisha akachora mistari ili msomaji aone kwa macho. Kwa mfano mwingine, uliokuwa na miraba na vipeuo pamoja, alikiri kwamba alijaribu kuuchorea na mchoro haukueleweka vizuri, hivyo akatosheka na maneno.

Hapa ndipo ilipo siri ya √26 ya mwanafunzi. Abu Kamil wa Misri, aliyezaliwa karibu na mwaka 850, aliweka kanuni ya jumla: vipeuo viwili vikijumlishwa, jibu ni kipeuo cha namba zote mbili pamoja na nyongeza, na nyongeza hiyo ni mara mbili ya kipeuo cha zao lao. Mchoro unaionyesha wazi. Chora mraba wenye eneo la 8. Upande wake ni √8. Chora mwingine wenye eneo la 18; upande wake ni √18. Unganisha pande hizo mbili ziwe mstari mmoja, kisha juu ya mstari huo jenga mraba mkubwa. Ndani yake utauona mraba wa 8 kwenye kona moja na wa 18 kwenye kona ya pili, lakini pembeni zimebaki nafasi mbili, kila moja mstatili wa √8 kwa √18. Kila mstatili una eneo la 12. Kwa hiyo eneo lote ni 8, na 18, na 24: jumla 50. Anayeandika √26 amezisahau zile nafasi mbili.

Mchoro huohuo unaeleza mtego wa Bhaskara. Ukiweka 3 na 7, kila mstatili una eneo la √21, ambalo si namba kamili, na jumla yake haiwezi kubanwa ndani ya kipeuo kimoja rahisi. Ndiyo maana wanafunzi huambiwa wavunje kwanza: √8 ni 2√2, √18 ni 3√2, jumla 5√2. Vipeuo hujumlika vinapokuwa na namba moja ndani.

Kutoka Baghdad na Misri elimu hii ilifuata pwani ya kaskazini ya Afrika hadi Maghribi. Ibn al-Yasamin, aliyefariki Marrakesh mwaka 1204, aliitungia aljebra shairi ili wanafunzi waishike kwa kichwa. Wasomaji waliokulia kwenye tenzi za pwani hawatashangaa kwamba shairi lilionekana chombo kizuri cha kufundishia hesabu. Baada yake alikuja Ibn al-Banna, wa Marrakesh pia, kisha al-Qalasadi, aliyezaliwa Andalus mwaka 1412 na kufariki Tunisia mwaka 1486. Katika vitabu vya al-Qalasadi kipeuo kina alama: herufi jim, inayoanza neno la Kiarabu la mzizi, ikiwekwa juu ya namba. Kwa hiyo karne moja kabla ya Ulaya kuizoea alama yake, wanafunzi wa Afrika Kaskazini walikwisha kuandika vipeuo kwa ufupi.

Ulaya iliipata elimu hii kwa njia mbili. Kwanza ni tafsiri: Robert wa Chester alikitafsiri kitabu cha al-Khwarizmi kwa Kilatini mjini Segovia, Hispania, mwaka 1145. Pili ni biashara. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, alipelekwa akiwa kijana katika bandari ya Bugia, ambayo leo ni Béjaïa nchini Algeria. Baba yake alikuwa ofisa wa forodha wa wafanyabiashara wa Pisa. Huko ndiko Leonardo alikojifunza tarakimu za Kihindi na hesabu za Waarabu. Kitabu chake cha mwaka 1202 kina mlango mzima, wa 14, unaohusu kutafuta vipeuo na kuvijumlisha, kuvitoa, kuvizidisha na kuvigawanya.

Alama √ ilionekana katika kitabu cha Christoff Rudolff kilichochapishwa Strasbourg mwaka 1525. Ilikuwa haina mstari wa juu, na upungufu huo ulileta utata: √9 + 16 yaweza kumaanisha 3 na 16, au kipeuo cha 25. René Descartes, mwaka 1637, aliunganisha alama hiyo na mstari unaofunika kila kilichomo ndani. Kuhusu ilikotoka, Leonhard Euler alidhani ni herufi r iliyopindwa, lakini wataalamu hawajakubaliana.

Alama nzuri haikumaliza mashaka. Mwaka 1544 Mjerumani Michael Stifel, ambaye mwenyewe alivitumia vipeuo kwa ustadi mkubwa, alikataa kuviita namba za kweli, akidai vimejificha ndani ya wingu la ukomo usiofikika. Mwaka 1585 Simon Stevin wa Flanders alijibu kinyume kabisa: kipeuo ni namba kama nyingine, na kukiita cha ajabu hakuna maana. Wote wawili walipata majibu yaleyale kwenye karatasi.

Mtihani mkubwa zaidi ulitoka Italia. Njia ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu ilipochapishwa na Girolamo Cardano mwaka 1545, ilionekana kwamba milinganyo mingine yenye majibu ya kawaida kabisa inapitia vipeuo vya namba hasi. Mlinganyo x³ = 15x + 4 una jibu la 4, kila mtu anaweza kulihakiki. Lakini kanuni ya Cardano inatoa jumla ya vipeuo viwili vya tatu, kimoja cha 2 + √−121 na kingine cha 2 − √−121. Rafael Bombelli, katika kitabu chake cha mwaka 1572, alithubutu kuvifanyia hesabu kama vipeuo vingine vyovyote. Akaona kwamba cha kwanza ni 2 + √−1 na cha pili ni 2 − √−1. Vinapojumlishwa, √−1 hufutika na 4 hubaki, kama vile kipeuo cha 200 kilivyofutika katika mfano wa al-Khwarizmi.

Hata hivyo kanuni ya kuzidisha ina mpaka, na mpaka uko hapohapo. Ukizidisha √−4 kwa √−9 kwa njia ya al-Khwarizmi unapata √36, yaani 6, wakati jibu linalokubalika leo ni −6. Euler mwenyewe, katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1770, aliandika kwamba √−1 × √−4 ni 2, na wanahistoria wa hisabati wamebishana kama alikosea au alikuwa na maana nyingine. Ndiyo maana vitabu vya shule huweka sharti kwamba namba za ndani zisiwe hasi, sharti ambalo wanafunzi wengi hulisoma na kulipita.

Tarehe 24 Novemba 1858, mjini Zürich, mhadhiri kijana wa Kijerumani aitwaye Richard Dedekind alipata wazo. Alikuwa akifundisha misingi ya hesabu za mabadiliko (kalkulasi) na hakuridhishwa na namna alivyolazimika kuegemea michoro kila alipokwama. Alilishikilia wazo hilo miaka 14, akalichapisha mwaka 1872. Alisema hivi: zipange sehemu zote, yaani namba zote zinazoandikika kwa kiasi na asili, katika makundi mawili. Kundi la juu liwe la zile chanya ambazo mraba wake unazidi 2. La chini liwe la zilizobaki zote. Hakuna sehemu inayokaa mpakani. Basi mpaka huo wenyewe ndio √2. Kutoka hapo alionyesha kwamba mipaka ya namna hiyo inaweza kujumlishwa, na kwamba matendo mengine yanaweza kuelezwa kwa njia ileile, bila kuchora mstari hata mmoja.

Katika kijitabu hicho Dedekind aliweka dai lililowakera baadhi ya wenzake: kwamba kwa kadiri ya ujuzi wake, hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kuthibitisha kikamilifu kwamba √2 × √3 = √6. Rudolf Lipschitz alibishana naye kwa barua mwaka 1876, akisema Euclid alikwisha kuyamaliza hayo. Dedekind hakukubali. Euclid alikuwa na mistari, alijibu, lakini hakuonyesha kwamba kila mpaka una namba yake. Wanahisabati waliokuja baadaye wameuchukulia msimamo wa Dedekind kuwa sahihi. Kati ya al-Khwarizmi na yeye imepita zaidi ya miaka elfu moja.

Katika shule za Afrika Mashariki mada hii huja na amri ambayo mara nyingi haipewi sababu: usiache kipeuo kwenye asili, andika √2/2 badala ya 1/√2. Sababu yake ni ya enzi za kukokotoa kwa mkono. Kugawanya 1 kwa 1.414214 ni kazi ndefu yenye nafasi nyingi za kukosea. Kugawanya 1.414214 kwa 2 hufanyika kichwani: 0.707107. Mwanafunzi anayekokotoa kwa majedwali, bila kikokotoo, bado anaifaidi hila hiyo. Mwenye kikokotoo haitambui faida yake asipoambiwa.

Hapo ndipo walimu na waandishi wa vitabu vya kiada wanapoweza kufanya kazi bora kuliko ilivyo sasa. Mada ya vipeuo hutolewa kama orodha ya amri: hiki kinaruhusiwa, kile hakiruhusiwi. Mchoro wa miraba miwili na mistatili miwili unachukua nusu ukurasa na dakika tano za kipindi. Uchorwe ubaoni kabla ya zoezi la kwanza la kujumlisha, na sababu ya kuondoa kipeuo kwenye asili isemwe waziwazi siku amri hiyo inapotolewa.